Faustin Linyekula na Jukwaa la Kaskazini-Mashariki mwa Kongo

Faustin Linyekula, mwigizaji, mcheza dansi na mwongozaji wa michezo ya jukwaani, alizaliwa mwaka 1974 huko Ubundu, mji mdogo ulioko juu ya maporomoko yanayoishia Kisangani. Wakati huo Kisangani na Bunia zilikuwa katika jimbo moja, na zikabaki hivyo hadi mwaka 2015, Ituri ilipopata tena hadhi ya jimbo. Kwa hiyo habari za jukwaa la Kisangani zinaihusu Bunia pia. Vijana wa miji yote miwili walilelewa na mfumo mmoja wa shule: Kiswahili mitaani na sokoni, Kifaransa darasani.

Katika shule hizo mlango wa kuingilia sanaa ya jukwaa ulikuwa tamthilia za Kifaransa za karne ya 17, za Corneille, Molière na Racine. Tungo hizo zina kanuni kali. Kila mshororo una mizani 12, uliogawanyika vipande viwili vya mizani sita sita, na vina hupangwa jozi jozi. Aliyezoea shairi la Kiswahili, lenye ukwapi na utao wa mizani nane nane, huutambua mpango huo mara moja. Ugumu uko kinywani. Irabu “e” ya mwisho wa neno, ambayo katika mazungumzo ya kawaida haisikiki, jukwaani hutamkwa ikifuatwa na konsonanti ili hesabu itimie. Mwigizaji akimeza silabi moja tu, mshororo mzima unachechemea.

Linyekula alianza kuigiza akiwa kijana mjini Kisangani, akasomea fasihi na tamthilia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 utawala wa Mobutu ulikuwa ukiyumba na vyuo vikuu vikafungwa. Mwaka 1993 alikwenda Nairobi. Huko, mwaka 1997, yeye pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen walianzisha Gàara, kundi la kwanza la dansi ya kisasa nchini Kenya. Kazi yao ilitunukiwa mwaka uliofuata mjini Luanda, katika mashindano ya dansi ya bara la Afrika. Tangu hapo neno na mwili havikuachana tena katika sanaa yake.

Alirudi Kongo mwaka 2001, nchi ikiwa bado vitani. Mwaka mmoja kabla, majeshi ya Uganda na Rwanda yalikuwa yamepigana kwa siku sita ndani ya Kisangani. Miaka miwili baadaye Bunia nayo ikawa uwanja wa mapigano, hadi kikosi cha Umoja wa Ulaya kikaingia Juni 2003. Katika hali hiyo Linyekula alifungua Studios Kabako mjini Kinshasa, mahali pa mazoezi, mafunzo na utunzi. Mchezo wake uitwao Le Festival des mensonges uliwasikilizisha watazamaji sauti za wanasiasa wa Kongo zilizorekodiwa, huku chakula, vinywaji na muziki vikiwa papo hapo kama kwenye sherehe ya mtaani. Katika Dinozord, wa mwaka 2006, maneno ya rafiki yake Antoine Vumilia, aliyekuwa mfungwa katika gereza la Makala, yalikutana jukwaani na muziki wa Mozart.

Baada ya hapo alihamishia makao ya Studios Kabako Kisangani. Uamuzi huo ulikuwa mzito, kwa sababu shule kuu ya sanaa za jukwaani nchini, Institut National des Arts, iko Kinshasa, na kijana wa kaskazini-mashariki aliyetaka kuijua kazi hii ilimbidi kuhama kwao. Mwaka 2007 Linyekula alipata Tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi.

Mwaka 2009 aliitwa Paris na Comédie-Française, nyumba ya tamthilia iliyoasisiwa mwaka 1680, kuongoza Bérénice ya Racine. Katika tamthilia hiyo ya mwaka 1670 hakuna damu inayomwagika. Titus, mtawala wa Roma, anampenda Bérénice, malkia wa Palestina, lakini Roma haikubali malkia mgeni, na wapendanao wanalazimika kuagana. Mtu wa Ubundu, aliyefundishwa Kifaransa kama lugha ya shule na ya wakubwa, alilielewa swali hilo la mgeni mlangoni kwa namna yake. Mwaka uliofuata alilirudia akiwa na waigizaji wa Kongo, katika mchezo Pour en finir avec Bérénice, ulioonyeshwa kwenye tamasha la Avignon.

Mwaka 2011, katika Le Cargo, alisimama jukwaani peke yake akisimulia safari ya kurudi Obilo, kijiji cha utoto wake, kutafuta ngoma alizoziona akiwa mdogo. Mwaka 2019 Holland Festival ya Amsterdam ilimfanya msanii mshiriki wake, pamoja na William Kentridge wa Afrika Kusini.

Makao yake yamebaki Kisangani. Studios Kabako hulea vijana wa dansi, tamthilia, muziki na filamu, na imefanya kazi pia Lubunga, ng’ambo ya mto, mbali na katikati ya mji. Kwa njia hiyo elimu iliyoanzia kwenye mizani ya Racine imepata mahali pa kufundishiwa katika eneo lililokuwa jimbo moja na Bunia.