Smashing Pumpkins: Mashine Ilipokalia Kiti cha Mpiga Ngoma

Najua nimekuwa kimya karibu mwezi mzima. Kazi imenibana. Mwenzetu mmoja, ambaye ndiye aliyenifundisha nusu ya ninayoyajua, ameondoka kwenye timu yetu. Sisi tuliobaki tumekuwa tukiandika upya sehemu za programu ambazo yeye peke yake alizielewa.

Usiku nikifanya kazi hiyo nimekuwa nikisikiliza albamu moja tu, tena na tena: Adore ya bendi ya Smashing Pumpkins. Ilitoka Juni 1998, mimi nikiwa na umri wa mwaka mmoja. Niliipata miaka mingi baadaye kwenye diski ya binamu yangu, katikati ya nyimbo nyingine za roki alizokuwa amezikusanya tangu shule ya upili. Yeye mwenyewe hakuipenda. Aliniambia, "Hiyo ni ile waliyopoa. Ruka."

Sikuruka. Na leo, badala ya somo la programu, nataka tuzungumze historia kidogo. Watu wengi husimulia albamu hii kama binamu yangu: bendi ya kelele ilichoka kelele, ikaamua kupoa. Nikifuata miaka na matukio, naona jambo jingine. Bendi hii ilimpoteza mtu mmoja, ikaweka mashine mahali pake, na badiliko hilo moja likasukuma mengine mengi.

KELELE ZENYEWE

Smashing Pumpkins ilianzishwa Chicago, Marekani, mwaka 1988. Walikuwa wanne: Billy Corgan (sauti na gitaa), James Iha (gitaa), D'arcy Wretzky (gitaa la besi) na Jimmy Chamberlin (ngoma). Albamu ya kwanza, Gish, ilitoka 1991. Ya pili, Siamese Dream, ikatoka 1993 na kuwafanya wajulikane duniani. Humo Corgan alirekodi gitaa tabaka juu ya tabaka, mpaka wimbo mmoja unasikika kama ukuta wa matofali.

Sasa sikiliza kilichoushikilia ukuta huo usianguke. Ni Chamberlin. Huyu alikuwa na msingi wa jazi, si wa roki pekee. Kati ya pigo kubwa na pigo kubwa anaweka mapigo madogo madogo ambayo huyasikii vizuri lakini yakitolewa utajua yamekwenda. Bendi nyingi za roki mbadala za wakati ule zilikuwa na mpiga ngoma wa kuhesabu moja, mbili, tatu, nne. Hawa walikuwa na mtu anayezungumza na gitaa.

Oktoba 1995 wakatoa Mellon Collie and the Infinite Sadness. Diski mbili, nyimbo 28, muda wa saa mbili hivi. Iliingia chati ya Marekani moja kwa moja kwenye namba 1. Baadaye ikapewa cheti cha almasi, yaani milioni 10 (ingawa albamu ndefu ya diski mbili huhesabiwa mara mbili, kwa hiyo usishtuke sana).

Ndani yake kulikuwa na wimbo mmoja tofauti, uitwao 1979. Ulikaribia kuachwa nje ya albamu. Unaendeshwa na kipande cha ngoma kinachojirudia, gitaa halipigi kelele, na Corgan haimbi kwa kupasua koo. Ukawa mmoja wa nyimbo zao zilizopendwa zaidi. Sisi tungeuita mfano wa majaribio. Walijua basi kwamba upande ule wa upole upo na unafanya kazi. Lakini ulikuwa wimbo mmoja kati ya 28.

JULAI 1996

Usiku wa tarehe 11 Julai 1996 bendi ilikuwa New York, ikijiandaa kupiga ukumbi wa Madison Square Garden. Hotelini, Chamberlin na Jonathan Melvoin, aliyekuwa akiwapigia kinanda kwenye ziara, walizidisha heroini. Chamberlin aliamka. Melvoin hakuamka. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Siku chache baadaye bendi ilimfukuza Chamberlin. Hawakusitisha ziara moja kwa moja. Walimwajiri Matt Walker wa bendi ya Filter akae kwenye ngoma, wakaendelea na safari. Ukitazama kwa mbali, tatizo lilikuwa limetatuliwa: kiti kina mtu, tiketi zinauzwa.

Lakini Desemba mwaka huohuo mama yake Corgan, Martha, alifariki. Ndoa ya Corgan nayo ikavunjika. Kwa hiyo walipoingia studio mwaka 1997 kutengeneza albamu mpya, walikuwa bendi ya watatu, bila mpiga ngoma wao, na kiongozi wao yuko matangani.

Naomba uyaweke haya kichwani kabla ya kusema kwamba "walipoa".

MASHINE YA NGOMA HUFANYAJE KAZI

Hapa ndipo nafurahi kwa sababu ni eneo letu. Mashine ya ngoma ya kawaida ni kitu rahisi mno. Chukua kipimo kimoja cha muziki, kigawe visanduku 16. Kila kisanduku kina jibu la ndiyo au hapana: ngoma ipigwe au isipigwe. Kwa lugha yetu ni orodha ya 0 na 1 yenye nafasi 16, na saa inayoipitia kwa mwendo uleule bila kuchoka. Unatengeneza orodha moja kwa ngoma kubwa, nyingine kwa ngoma ndogo, nyingine kwa matoazi. Mashine nzuri zaidi hukuruhusu kuongeza nguvu ya kila pigo. Basi.

Ukiwa umesoma mwezi mmoja wa programu unaweza kuiandika wikendi hii. Jaribu, ni zoezi zuri.

Ila sasa fikiria ikiingia kwenye bendi. Ngoma halisi haina kitufe cha sauti. Mtu akizipiga kwa nguvu chumbani, gitaa lazima lipande ili lisikike, na mwimbaji lazima apande juu ya gitaa. Kila mmoja anamfukuza mwenzake kwenda juu. Ni kweli studio inaweza kushusha chochote baadaye, lakini wimbo hutungwa na kuzoewa chumbani, na chumba chenye Chamberlin kilikuwa chumba cha kelele.

Mashine ina kitufe. Iweke chini, na ghafla hakuna sababu ya gitaa kupiga kelele. Piano inasikika. Gitaa lisilo la umeme linasikika. Mtu anaweza kuimba kana kwamba amekaa kando ya kitanda cha mgonjwa.

Jambo la pili: mashine haijibu. Ukipiga gitaa kwa hasira, Chamberlin anakujibu kwa hasira. Mashine inaendelea na orodha yake ya nafasi 16. Kwa hiyo nyimbo zinaacha kupanda na kushuka kama mawimbi, zinatembea kwa mwendo mmoja kama mtu anayewaza.

Mambo haya mawili ndiyo hasa unayoyasikia katika Adore.

ALBAMU YENYEWE

Nisiseme uongo: si mashine pekee iliyopiga ngoma humo. Matt Walker alipiga sehemu kubwa. Joey Waronker, aliyejulikana kwa kufanya kazi na Beck, yumo. Matt Cameron, ambaye bendi yake ya Soundgarden ilikuwa imevunjika 1997, alipiga katika wimbo For Martha. Lakini mashine na vipande vinavyojirudia ndivyo vilivyoweka msingi, na hawa watu waliitwa kuja kujazia.

Kazi ilianza Chicago na mtayarishaji Brad Wood, ikahamia Los Angeles, na mwishoni akaitwa Flood. Huyu Flood alikuwa mmoja wa watayarishaji wa Mellon Collie, na kabla ya hapo alitengeneza Violator ya Depeche Mode, iliyotoka 1990. Kwa maneno mengine, alijua vizuri namna ya kuifanya mashine isikike kama ina damu.

Ilitoka na nyimbo 16. Wimbo wa kwanza kutangazwa, Ava Adore, ni wa mashine waziwazi. For Martha, kwa ajili ya mama, ni wimbo wa piano unaopita dakika 8. Na albamu inafungwa na kipande cha piano cha sekunde 17, ambacho jina lake pia ni 17. Baada ya zaidi ya saa moja, inaishia hapo.

Iliingia chati ya Marekani kwenye namba 2 na kupata cheti cha nakala milioni moja. Bendi nyingi zingechinja ng'ombe kusherehekea. Kwa hawa ilihesabiwa kuwa imeanguka, kwa sababu watu walipima kwa kipimo cha Mellon Collie. Ziara yao ya Marekani Kaskazini kiangazi kile ilitoa mapato yake kwa mashirika ya misaada ya miji waliyopiga, zaidi ya dola milioni 2.8 kwa jumla. Hata hivyo mashabiki wengi waliendelea kuuliza kelele ziko wapi.

JE, NINA HAKIKA?

Sisi watu wa programu tukitafuta chanzo cha hitilafu tunabadilisha kitu kimoja halafu tunaangalia. Historia haikupi nafasi hiyo mara nyingi, lakini hapa imetupa kidogo.

Chamberlin alirudi kwenye bendi mwishoni mwa 1998. Albamu iliyofuata, Machina, ilitoka Februari 2000. Unasikia nini? Kelele zimerudi. Ukuta wa gitaa umerudi.

Ushahidi wa pili unatoka kwa bendi ya R.E.M. Mpiga ngoma wao, Bill Berry, alipasuka mshipa wa ubongo jukwaani Lausanne, Uswisi, Machi 1995. Alipona, lakini Oktoba 1997 akaamua kuacha muziki. Wenzake hawakuchukua mwanachama mwingine. Oktoba 1998, karibu miezi mitano tu baada ya Adore, walitoa albamu iitwayo Up, imejaa vinanda na mashine za ngoma. Na nani aliitwa kusaidia kwenye ngoma? Joey Waronker yuleyule.

Lakini R.E.M. hao hao wananizuia nisijidai sana. Mwaka 1992, Berry akiwa bado yupo, walitoa Automatic for the People, albamu tulivu kabisa, yenye vinubi na fidla zilizopangwa kwa sehemu na John Paul Jones wa Led Zeppelin... samahani, vinubi nimeongeza mwenyewe, ni fidla na jamaa zake. Kwa hiyo bendi inaweza kupoa kwa hiari, wote wakiwa mezani. Upole wa 1992 ni wa watu wanne waliokubaliana kunyamaza. Upole wa Adore ni wa chumba chenye kiti kitupu. Nami naamini sikio linautambua, hata kama mtu hajui historia yake.

MWISHO WA HADITHI

Kurudi kwa Chamberlin hakukurudisha kila kitu. Wretzky aliondoka 1999. Septemba 2000 bendi ilitoa yenyewe Machina II, na kwa kuwa lebo haikuitoa, walichapisha sahani 25 tu za santuri, wakawapa marafiki na kuwaambia wazisambaze bure mtandaoni. Fikiria: miaka ile watu walikuwa wakishtakiana kwa sababu ya mp3, nao wanagawa albamu nzima! Tarehe 2 Desemba 2000 walipiga onyesho la kuaga katika ukumbi wa Metro, Chicago, kwa zaidi ya saa nne. Corgan na Chamberlin walikuja kuifufua bendi baadaye, na mwaka 2018 Iha naye akarudi kwenye ziara. Lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Turudi kwenye timu yangu. Wiki mbili za kwanza nilijaribu kuandika programu inayofanya yote aliyofanya mwenzetu, kwa namna ileile aliyoyafanya. Ilikuwa inakataa. Ilikuwa na kasi yake lakini haina akili yake. Ijumaa iliyopita nikaifuta, nikaandika nyingine fupi, ya polepole, ambayo sisi tuliobaki tunaielewa. Si nzuri kama yake. Mtu akija akaipima kwa kipimo cha zamani atasema tumeshuka, na hatakuwa amekosea.

Lakini inafanya kazi, na haijifanyi kwamba yeye bado yupo.

Kama hujawahi kuisikiliza Adore, isikilize usiku, vipokea sauti masikioni, kuanzia mwanzo mpaka zile sekunde 17. Halafu mwambie binamu yangu kwamba hakupaswa kuruka. Wiki ijayo narudi kwenye programu, naahidi.