Alexandra: Mji Uliokataa Kupanda Basi

Jumatatu tarehe 7 Januari 1957, mabasi ya kampuni ya PUTCO yaliondoka Alexandra, kaskazini mwa Johannesburg nchini Afrika Kusini, yakiwa matupu. Abiria wake walikuwa barabarani, wakienda kazini kwa miguu. Nauli ilikuwa imepandishwa kutoka peni nne hadi peni tano, nao wakakataa kuilipa. Wito wao ulikuwa mmoja: Azikwelwa, yaani mabasi hayapandwi.

Peni moja ni kitu gani hata watu wachakae miguu kwa ajili yake? Jibu limo katika ramani. Alexandra ulianzishwa mwaka 1912 katika shamba la mtu aitwaye Papenfus, aliyeupa mji jina la mkewe. Kwa kuwa uliitangulia Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913, iliyowazuia Waafrika kununua ardhi katika sehemu kubwa ya nchi, ulibaki kuwa miongoni mwa mahali pachache mijini ambapo Mwafrika aliweza kumiliki kiwanja. Watu wakamiminika. Lakini mji huo ulikuwa nje ya mipaka ya Johannesburg, na jiji halikutaka kuubeba. Umeme haukufika, watu wakauita Mji wa Giza.

Kazi zilikuwa jijini, viwandani na majumbani mwa Wazungu, umbali wa kilomita 15 hivi. Ubaguzi ndio uliomweka mfanyakazi mbali na kazi yake, kisha ukamdai gharama ya safari. Peni moja kwenda na moja kurudi, siku 6 kwa wiki, ni shilingi nzima inayotoka katika ujira ambao hata bila nyongeza hiyo haukutosha chakula na kodi ya chumba.

Kutembea kwenyewe hakukuwa kugeni. Mwaka 1943 maelfu walitembea kwa siku 9 hadi nauli ya zamani ikarudishwa. Kijana Nelson Mandela, aliyewahi kupanga chumba mjini hapo, alikuwa pamoja nao. Mwishoni mwa mwaka 1944 walisusia tena, safari hii kwa wiki zipatazo 7. Kwa hiyo mwaka 1957 hawakuhitaji kufundishwa. Wanaharakati wa vyama mbalimbali, wengine mahasimu, waliunda kamati moja. Miongoni mwa waliojitokeza ni Alfred Nzo na Thomas Nkobi wa chama cha ANC. Mikutano ilifanyika uwanjani, na hoja zikaamuliwa mbele ya watu wote. Wakazi wa Sophiatown na wa vitongoji vya Pretoria nao wakayasusia mabasi.

Waziri wa Uchukuzi, Ben Schoeman, alishikilia kwamba huo ni mchezo wa siasa na serikali haitasalimu amri. Polisi walijipanga njiani wakikagua pasi, yaani vibali ambavyo Waafrika walilazimishwa kubeba, za wanaotembea, na kuwasumbua madereva, wakiwemo Wazungu, waliosimama kuwapa watu lifti. Hata hivyo hapakuwa na sheria iliyomlazimisha mtu kupanda basi. Hapo ndipo serikali ilipokwama: ingeweza kumkamata mtu kwa kukosa pasi, lakini si kwa kutembea.

Walioanza kuyumba ni waajiri. Wafanyakazi walifika wamechoka, na kazi ikazorota. Baada ya takriban miezi 3 ya kutembea, Chama cha Wafanyabiashara cha Johannesburg kilikubali kufidia ile peni kwa muda, na mwezi Aprili mabasi yakapata abiria kwa peni nne. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuongeza mchango wa waajiri katika nauli za wafanyakazi Waafrika.

Ushindi huo una mipaka yake. Pasi zilibaki, na ubaguzi ukaendelea kwa zaidi ya miaka 30. Katika miaka ya 1960 serikali iliamua kuziondoa familia Alexandra na kuugeuza mji wa mabweni ya vibarua, mpango ulioachwa mwaka 1979 baada ya wakazi kuupinga. Lakini mgomo wa mwaka 1957 ulithibitisha jambo ambalo watawala hawakupenda lijulikane: jiji lililomfukuza Mwafrika usiku halikuweza kuishi bila yeye mchana. Bunge la Wazungu watupu, ambalo watembeaji hao hawakuwa na kura ya kulichagua, lililazimika kutunga sheria kwa sababu yao.