Diwani Ana Kura, Funguo Ziko kwa Mtendaji

Mkenya akisikia neno kaunti anamwaza gavana na msafara wake. Ireland nao wana kaunti, tena jina ni lile lile, maana sisi na wao tulirithi mabaraza kutoka kwa Mwingereza. Ila kwao gavana hakuna. Nimekuwa nikisoma historia ya mabaraza hayo, na jambo moja linanisumbua: watu waliotumia mabaraza kumng'oa mkoloni ndio hao hao waliokuja kuyakata makali.

Kabla ya 1898, kaunti ya Ireland iliendeshwa na jopo la wenye mashamba makubwa, walioteuliwa na sherifu. Mkulima mdogo alilipa kodi ya barabara lakini hakuulizwa ipite wapi. Sheria ya 1898 ikaleta mabaraza ya kuchaguliwa, na uchaguzi wa kwanza ukafanyika 1899. Wakulima na wenye maduka wakaingia, mabwana wakatoka, karibu kote nje ya Ulster. Baadhi ya wanawake nao walipata kura, ingawa kuketi katika baraza la kaunti walingoja hadi 1911.

Halafu ikaja 1920. Waingereza, wakitaka kupunguza nguvu ya chama cha Sinn Féin, walileta kura ya kuorodhesha wagombea, iliyokuwa imejaribiwa mjini Sligo mwaka uliotangulia. Wapi! Sinn Féin walitwaa mabaraza mengi, na mabaraza hayo yakatangaza utiifu kwa Dáil, bunge la wapigania uhuru. Waziri wao wa serikali za mitaa, W. T. Cosgrave, akawa anaendesha wizara kwa siri huku vita vikiendelea. Hebu fikiria: serikali ya kikoloni ina ofisi, ina askari, lakini karani wa kaunti hajibu barua zake.

Uhuru ulipopatikana, Cosgrave huyo huyo akawa kiongozi wa serikali. Mwaka 1923 sheria mpya ilimruhusu waziri kuvunja baraza lolote. Kerry na Leitrim yakavunjwa mwaka huo, Dublin na Cork 1924, na makamishna wakawekwa. Sababu zilizotolewa ni uzembe na matumizi mabaya ya pesa, na si uongo wote. Lakini mimi naona pia kumbukumbu ya 1920. Aliyeingia kwa mlango wa nyuma anajua umuhimu wa kuufunga.

Kamishna alikuwa wa muda. Meneja akaja kukaa: Cork ilimpata wake 1929, na sheria ya 1940, iliyoanza kutumika 1942, ikampa kila kaunti meneja. Tangu 2014 anaitwa mtendaji mkuu. Yeye hachaguliwi na mwananchi. Anapatikana kwa usaili wa kazi ya umma. Madiwani wanapitisha bajeti, mpango wa matumizi ya ardhi na sheria ndogo. Wafanyakazi, kibali cha mtu mmoja kujenga, nani apewe nyumba ya baraza: hayo ni ya mtendaji. Mwenyekiti huchaguliwa na madiwani wenzake kila mwaka, na kazi kubwa ni kuongoza vikao.

Cha kushangaza, kura yenyewe ni safi ajabu. Kila kaunti imegawanywa katika maeneo, mengi yana viti 5 hadi 7. Unaandika 1 kwa unayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, na kuendelea. Tuseme viti ni 5 na kura halali 6,000. Gawanya kwa 6, ongeza 1: mwenye 1,001 amepita. Kura zake za ziada zinahamia kwa wengine kulingana na chaguo za wapiga kura. Wa mwisho akitolewa, zake pia zinahamishwa. Na si lazima uwe raia. Mkaazi mwenye miaka 18 aliyejiandikisha anapiga kura na anaweza kugombea. Ndivyo Rotimi Adebari, aliyefika kutoka Nigeria akiomba hifadhi, alivyochaguliwa 2004 na kuwa meya wa Portlaoise 2007.

Baraza aliloliongoza halipo tena. Mwaka 2014 mabaraza yote 80 ya miji yalifutwa, na nchi nzima ikabaki na mabaraza 31 na madiwani 949. Afya ilishatoka mikononi mwao tangu miaka ya 1970. Maji yakafuata mwaka huo wa 2014.

Kuna atakayesema ni heri hivyo. Tume ya Mahon, iliyotoa ripoti ya mwisho 2012, ilionyesha madiwani wa Dublin wakihongwa ili kubadilisha matumizi ya ardhi. Kweli kabisa. Lakini nasi tuliambiwa maneno hayo hayo: baada ya 1969 mabaraza ya kaunti ya Kenya yalinyang'anywa shule, afya na barabara kwa sababu ya uzembe, na wizi haukuisha, ulihamia Nairobi tu.

Juni 2024 watu wa Limerick walimchagua meya wao moja kwa moja, wa kwanza nchini, akiwa na sehemu kubwa ya madaraka ya mtendaji. Cork na Waterford waliulizwa 2019 wakakataa. Mimi ningepiga kura ya ndiyo. Mtendaji akikosea, hakuna karatasi ya kura yenye jina lake. Meya akikosea, kuna siku ya kumrudisha nyumbani.