Kwa Nini Ujenzi wa Baada ya Vita Haukuleta Usawa Nyeri na Miji ya Mlima Kenya



Ni desturi ya kitabu hiki cha mwaka kwamba, baada ya hesabu za fedha na orodha ya misaada iliyotolewa, huwekwa kurasa chache za historia, ili wale wanaosoma tarakimu wapate kujua pia asili ya shida zinazohesabiwa na tarakimu hizo. Mwaka huu tumeonelea yafaa kujibu swali linaloulizwa mara kwa mara katika mikutano yetu, hasa na vijana. Vita vya Mau Mau vilikwisha. Serikali ya Uingereza ilitoa fedha nyingi za ujenzi. Sheria za ubaguzi wa rangi zilifutwa moja baada ya nyingine. Mbona basi usawa haukufika? Mbona jirani wawili wa Tetu au Mathira, ambao babu zao walilima mashamba yaliyopakana, leo mmoja ana ekari kumi na mwenziwe hana hata mahali pa kuzikwa?

Yapasa kwanza tukubali vita vile vilikuwa vya namna gani. Vilikuwa vita vya kudai ardhi na uhuru, na hilo halina ubishi. Lakini kwa watu wa Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Embu na Meru vilikuwa pia vita vya ndugu kwa ndugu. Gavana Sir Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na siku mbili tu baadaye Chifu Mkuu Nderi wa Nyeri aliuawa. Mwaka 1953 Serikali ilipanga rasmi kikosi cha Homgadi, na tangu hapo nyumba moja iliweza kuwa na mtoto mmoja katika msitu wa Nyandarua na mwingine akilinda boma la Homgadi bondeni. Kwa hesabu ya Serikali yenyewe, wapiganaji zaidi ya 11,000 waliuawa, na Waafrika raia waliouawa na Mau Mau walikuwa zaidi ya 1,800. Raia wa Kizungu waliouawa walikuwa 32. Walionyongwa kwa hukumu ya mahakama walizidi 1,000, na miongoni mwao alikuwa Dedan Kimathi, aliyekamatwa Tetu tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa hapa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Hesabu hizi zaonyesha wazi kwamba uzito wa vita uliwaangukia Waafrika, na kwamba jeraha kubwa lililotaka kutibiwa lilikuwa ndani ya jamii yetu wenyewe.

Sababu ya kwanza ya kushindwa ni kwamba ujenzi haukungoja vita viishe, bali ulifanywa silaha ya vita. Mwezi wa Juni 1954 Serikali iliamua kuwahamisha watu wote wa rizavu katika vijiji. Hata kufikia mwisho wa mwaka 1955, watu zaidi ya milioni 1 walikuwa wamekwisha kuhamishwa katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba za zamani zilichomwa au kubomolewa. Vijiji vilizungushiwa mahandaki na seng'enge. Wanawake, ambao waume zao wengi walikuwa kizuizini, walitolewa kila siku kwa kazi ya lazima ya kuchimba matuta, barabara na lile handaki refu la pembeni mwa msitu. Mambo hayo yaliandikwa katika taarifa za Serikali kuwa ni maendeleo. Hatukatai kwamba baadhi ya vijiji vilipata shule, zahanati na maji. Lakini mtu aliyepewa maji ndani ya seng'enge hakuyahesabu kuwa zawadi.

Kadhalika Serikali iligawa mema kwa kuangalia nani alikuwa upande wake. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitozwa kodi ya ziada ya shilingi 20. Waliotambuliwa kuwa waaminifu walisamehewa. Mwenye hati ya uaminifu alipata ruhusa ya kusafiri, leseni ya duka na nafasi ya kupanda kahawa kabla ya jirani yake. Hivyo kila jambo jema la ujenzi lilikuja na kumbukumbu ya vita ndani yake.

Sababu ya pili, nayo twaiona kuwa ndiyo kubwa kuliko zote, ni daftari la ardhi. Mwaka 1954 ulitolewa mpango wa Bwana Roger Swynnerton, afisa wa Idara ya Kilimo, wa kuendeleza kilimo cha Waafrika, na Uingereza iliutolea pauni milioni 5. Ulikuwa mpango wenye akili. Mashamba yetu zamani yalikuwa vipande vipande, kimoja ng'ambo hii ya mto na kingine ng'ambo ya pili, na mkulima hakuweza kuweka ng'ombe wa maziwa wala kupanda kahawa kwa utaratibu. Hapa Nyeri, Chifu Muhoya wa Tetu ya Kaskazini alikuwa ameanza kuwashawishi watu wake waunganishe vipande hivyo hata kabla Serikali haijalifanya jambo hilo kuwa kazi yake kubwa. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kamati ya wazee wa kila sehemu ilipima vipande vya kila mtu, ikavijumlisha, ikatoa sehemu ya barabara, shule na uwanja wa kijiji, kisha ikampa mwenyewe shamba moja lenye mipaka, na jina lake likaandikwa daftarini. Faida ilionekana upesi. Kahawa ilienea, ng'ombe wa gredi waliingia, na mwaka 1957 kiwanda cha chai cha Ragati kilianza kazi kwa ajili ya wakulima wadogo.

Basi kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa katika wakati na katika mikono. Mwishoni mwa mwaka 1954 watu zaidi ya 70,000 walikuwa kizuizini, Manyani, Mackinnon Road, Mwea na kwingineko, na wengi wao walikuwa bado huko kamati zilipokuwa zikipima. Waliokaa katika kamati walikuwa hasa waaminifu wa Serikali. Aliyekuwa kambini hakuwa na mtu wa kushika ncha ya kamba alipopimiwa. Mke wake aliogopa kusema, na mjane wa aliyekufa msituni aliogopa zaidi. Isitoshe, iliwekwa sheria ya mwaka 1957 ya kusimamisha kesi za ardhi, ili kazi isicheleweshwe. Wahenga walisema kesi ya nyani hakimu ngedere. Hapa hata kesi yenyewe haikuruhusiwa kufunguliwa. Katika wilaya ya Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a, udanganyifu ulizidi hata kazi ikabidi irudiwe baada ya Hali ya Hatari kwisha.

Wala jambo hili halikufutwa na uhuru. Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa ya mwaka 1963 ilithibitisha kwamba uandikishaji wa kwanza hauwezi kubadilishwa hata kama ulipatikana kwa hila. Kanuni hiyo ilidumu mpaka sheria mpya ya mwaka 2012. Sisi tunaoshughulika na makaratasi twajua maana yake: lililoandikwa hudumu kuliko lililotendwa. Bunduki zilinyamaza, lakini daftari liliendelea kutamka nani alishinda. Na mpango wa Swynnerton wenyewe ulikuwa umekwisha kutabiri kwamba mkulima mwenye nguvu atapata ardhi zaidi na maskini atapungukiwa, hata pawe na tabaka la wenye ardhi na tabaka la wasio nayo. Waliouandika waliliona hilo kuwa hatua ya kawaida katika maendeleo ya nchi.

Sababu ya tatu yahusu usawa wa rangi. Wakati uleule Serikali ilitangaza siasa ya mataifa mengi kushirikiana. Katika katiba ya Bwana Lyttelton ya mwaka 1954, viti vya uwaziri vilivyotolewa kwa wananchi wasio maofisa viligawanywa hivi: Wazungu 3, Waasia 2, Mwafrika 1. Mwaka 1957 Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe 8, lakini katika Jimbo la Kati ni waaminifu tu waliopewa kura, na mtu mmoja aliweza kuwa na kura hata 3 kwa elimu yake, mali yake au utumishi wake. Mwaka 1958 wajumbe wa kuchaguliwa wa Kiafrika wakawa 14, sawasawa na wa Kizungu. Jambo hilo lilisifiwa kuwa ndio usawa. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 1962 ilionyesha Waafrika zaidi ya milioni 8 na Wazungu wapatao 56,000. Basi usawa ule ulikuwa wa viti, haukuwa wa watu.

Na tuangalie miji yetu wenyewe. Nanyuki ilikuwa katika Nyanda za Juu zilizotengwa kwa Wazungu, na mipaka yake ilikuwa imekazwa kwa amri ya mwaka 1939. Mwafrika aliishi huko kwa kuwa mtumishi au skwota, si kwa kuwa mwenye mahali. Mji wa Nyeri ulisimama mpakani, upande mmoja masetla, upande wa pili rizavu. Shule zilikuwa za namna tatu, za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na fedha za kila mtoto hazikulingana. Walikuwako watu wema wa kila rangi waliotaka mambo yabadilike. Klabu ya Umoja ya Kenya ilianzishwa Nairobi mwaka 1946 ili mataifa yote yale mezani pamoja, na Chama cha Capricorn kilihubiri uraia wa pamoja. Hatuwadharau. Lakini walianza na meza, na mkono wa salamu, na kuwachagua Waafrika wachache wenye elimu, wakati swali la watu wengi lilikuwa shamba na shule. Mtu aliyefukuzwa Nanyuki kuwa skwota asiyetakiwa hakuona faida ya kualikwa chai.

Mwaka 1960 Hali ya Hatari ilikwisha, na mwaka uleule Nyanda za Juu zikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mpango wa kuhamishia wakulima katika ekari milioni 1 ulianza mwaka 1962. Lakini ardhi ilinunuliwa kutoka kwa masetla kwa mikopo, nao wakulima wadogo wakadaiwa wailipe kwa miaka mingi. Hapo rangi iliondoka mlangoni, na bei ikasimama mahali pake. Aliyekuwa na kahawa, duka na mshahara tangu siku za Hali ya Hatari aliweza kukopa na kununua. Aliyetoka kambini hakuwa na dhamana.

Mwezi wa Desemba 1963 wapiganaji wa msituni walitoka na kukusanyika uwanja wa Ruring'u, hapa Nyeri, wakaisalimia Serikali mpya. Mzee Jomo Kenyatta aliwataka watu wote wasameheane na kusahau yaliyopita. Neno la kusamehe lilikuwa neno jema, na pengine liliokoa damu nyingi. Lakini kusahau ni jambo jingine. Hapakuundwa baraza la kusikiliza nani alipoteza nini. Ikawa funika kombe mwanaharamu apite. Bildad Kaggia aliacha uwaziri mdogo mwaka 1964 kwa sababu ya kudai ardhi kwa wasio nayo, J. M. Kariuki, aliyelisema jambo hilo kwa sauti kubwa bungeni, aliuawa Machi 1975. Marufuku ya Mau Mau iliyowekwa na wakoloni haikuondolewa mpaka mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Mwaka 2013 Uingereza ilikiri mateso na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Wengi wa wenziwao walikuwa wamekwisha kufariki.

Mambo haya si ya Kenya peke yake. Marekani ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1861 hadi 1865, na watumwa wakapewa uhuru, uraia na kura kwa sheria. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kugawiwa mashamba, lakini Rais Andrew Johnson akayarudisha kwa mabwana wa zamani. Mwaka 1877 askari wa Serikali kuu waliacha kuulinda utaratibu mpya wa kusini, na haki zikanyang'anywa kidogo kidogo kwa muda wa karibu miaka mia. Kule kama huku, sheria ilitoa jina la usawa na ardhi ikabaki palepale.

Kutokana na hayo twapata mafunzo matatu. Kwanza, aliyekuwa upande mmoja wa vita asiachiwe peke yake kalamu ya kuandika amani. Pili, usawa haupimwi kwa viti vya mbele, bali kwa mtoto wa mwisho kupata shule na mjane wa mwisho kupata mpaka. Tatu, msamaha usiotanguliwa na kusikilizana ni kunyamaza tu.

Kazi yatungoja. Katika Nyeri wako hata leo watu waliozaliwa katika vile vijiji vya Hali ya Hatari na wangali wakikaa humo, wengine bila hati ya kiwanja walichojengea. Wajane na wazee wataka mtu wa kuwasomea barua za ofisi ya ardhi na kwenda nao mbele ya karani. Wazee wachache waliobaki wataka mtu wa kuandika maneno yao, wa pande zote mbili. Katika orodha ya wanachama wetu wamo wajukuu wa Homgadi na wajukuu wa msituni, nao hulipa ada iliyo sawa na kuzikana bila kuulizana. Hilo si jambo dogo. Tukiongeza juu yake kusikilizana kwa ukweli, tutakuwa tumeanza ule ujenzi ambao fedha za mwaka 1954 hazikuweza kuununua.