Usimaindi, Dada

Jioni kwenye Barabara ya Mwai Kibaki, foleni ya Mikocheni ikishakaza, bajaji hupenya pasipopenyeka. Ikikwaruza kioo cha pembeni cha gari, mwenye gari anateremsha dirisha aseme yake, na dereva anajibu bila hata kuzima injini: "Dada, usimaindi." Dada akizidi kufoka, linakuja la pili: "Sasa unapaniki nini?"

Yote mawili ni Kiingereza, ila Mwingereza akipita hapo hataambulia kitu. Kwake panic ni kiwewe, hofu ya kumfanya mtu akimbilie asikokujua. Dar kupaniki ni kukasirika. Mind nayo kwake ni akili, na ikiwa kitenzi, ni kujali. Sisi nadhani tuliidaka kwenye makatazo. Tulisikia watu wakiambiwa wasi-mind, tukajua lipo jambo ambalo aliyekosewa hukatazwa, na jambo hilo litakuwa nini kama si kukasirika? Basi neno tukalinyambua: kamaindi, wamemaindiana.

Si kwamba tulikosa jina. Pwani wana harara, joto lile lile linalowatoa watoto vipele; mtu wa harara huwaka papo hapo na kuzima papo hapo, na kabla hujaondoka amekuagizia chai. Usimchanganye na mwenye kisirani, huyo huamka nacho. Kuna hamaki, ambayo mzizi wake wa Kiarabu ni wa upumbavu. Na kuna hasira za mkizi, samaki asemwaye kujirusha kwa ghadhabu hadi chomboni mwa mvuvi.

Lakini majina hayo mtu hupewa na waliokaa naye: mke, majirani, watu wa barazani. Wamemwona akiwaka mara nyingi, wakamhukumu. Usimaindi hutoka kinywani mwa mkosaji, na hapo hapo kosa likitendeka. Ni radhi yenye mkono wa pili unaosukuma. Baina ya washkaji inaweza kuwa tamu, sikatai. Kupaniki haina utamu wowote. Mzee aliyezibiwa geti na gari la mgeni wa jirani, akiambiwa "mzee, mbona unapaniki?", amekwisha: kuanzia hapo watu wanamtazama yeye, hakuna anayetazama geti.

Siku hizi mitandaoni kumezuka makasiriko. Kama sikitika ilivyozaa masikitiko, kasirika imezaa makasiriko, kwa kanuni kabisa. Hata BAKITA, wasimamizi wa Kiswahili sanifu, hawana pa kulishika. Mwanamke anauliza kikundi cha WhatsApp cha mtaa pesa za mlinzi zimekwenda wapi, kwa herufi ndogo, bila alama hata moja ya mshangao. Anajibiwa: "Dada, acha makasiriko." Vinafuata vikatuni vya kucheka. Pesa za mlinzi hazitajwi tena.