Mnara wa Sevilla, kutoka adhana hadi kengele

Anayepanda mnara wa Giralda mjini Sevilla, kusini mwa Uhispania, hakuti ngazi. Anakuta njia pana ya mwinamo inayozunguka ndani ya kuta, miinamo 35 kwa jumla, na vidato vichache tu vinamsubiri juu kabisa. Inasimuliwa kuwa ilijengwa hivyo ili mwadhini apande akiwa juu ya mnyama. Katikati umesimama mnara wa pili, mwembamba, wenye vyumba saba vilivyopandana, na njia inapita kati ya kuta za minara hiyo miwili. Kwangu mimi, huo ndio ufundi mkubwa zaidi wa jengo hili, hata kuliko mapambo yake.

Mnara huu ulianza kama mnara wa msikiti. Msingi uliwekwa mwaka 1184 na Ahmad ibn Baso, fundi mkuu wa khalifa Abu Yaqub Yusuf wa dola ya Wamuwahidi, iliyotawala Moroko na Andalusi kwa pamoja. Mawe ya chini yalitolewa kwenye majengo ya kale ya Warumi, na mpaka leo ukiinama nje, pembeni mwa barabara, unayaona maandishi ya Kilatini. Mwaka huohuo khalifa akafa katika vita vya Santarém, Ureno, na kazi ikasimama. Mwanawe, Yaqub al-Mansur, aliifufua. Fundi Ali wa Ghumara akaacha mawe, akajenga kwa matofali, akiyapanga nje kama nyavu zilizotandazwa ukutani. Mwaka 1198, Abu al-Layth wa Sicily alipandisha kileleni matufe ya shaba yaliyopakwa dhahabu, kumbukumbu ya ushindi wa khalifa huyo katika vita vya Alarcos vya 1195. Majina ya mafundi hawa yanastahili kutajwa, maana wafalme hawakosi wa kuwataja.

Mwaka 1248 Sevilla ilisalimu amri kwa Fernando III wa Castilla. Masimulizi ya Wakristo yanasema Waislamu waliomba waubomoe msikiti wao kabla ya kuondoka, naye mwanamfalme Alfonso akaapa kwamba likiondolewa hata tofali moja la mnara, atawaua wote. Msikiti ukageuzwa kanisa, na karne ya 15 ukavunjwa kupisha kanisa kuu lililopo sasa. Uliosalia ni mnara, pamoja na ua wa michungwa walimotawadhia waumini.

Matufe yalianguka kwa tetemeko la ardhi katika karne ya 14. Kati ya 1558 na 1568, msanifu Hernán Ruiz aliongeza juu ghorofa za kengele, na kileleni pakawekwa sanamu la shaba la mwanamke linalogeuka kufuata upepo. Kimo kikapita mita 100. Tetemeko kubwa la 1755, lililoiangamiza Lisbon, halikuuangusha.

Nauheshimu uamuzi wa Hernán Ruiz: alijenga juu ya kazi ya waliomtangulia bila kuificha, na macho yanaona wazi pale tofali la Wamuwahidi linapoishia. Lakini anayetaka kujua mnara huu ulikuwaje hapo awali aende Marrakech, Moroko, kwenye msikiti wa Kutubiya. Mnara wa huko ni wa dola ileile na karne ileile, nao ungali na matufe yake kileleni, na adhana inasikika mara tano kwa siku.