Giya, Mlima na Msafiri wa Baiskeli

Walimu wa lugha tumezoea kujaza kurasa za namna hii kwa ngeli, methali na mashairi. Leo twaomba ruhusa ya kuzungumzia chombo ambacho wengi wetu tulikipanda kwenda shuleni, kwanza tukiwa wanafunzi na baadaye tukiwa walimu, yaani baiskeli. Hatukusudii kueleza chombo kizima. Twataka kufuatilia historia ya sehemu yake moja, giya, kwa sababu historia hiyo inagusa jambo tunaloliona kila siku kwenye barabara ya Bujumbura kwenda Bugarama: vijana waliopakia mikungu ya ndizi au magunia ya makaa wakiteremka kwa kasi ya kutisha, kisha wakirudi juu huku wameshika nyuma ya malori kwa mkono mmoja. Hakuna msafiri wa barabara hiyo asiyejua hatari yake.

Tuanze na majina, maana ndiyo kazi yetu. Kiswahili kimechukua neno baiskeli kutoka Kiingereza. Sisi Warundi, tukizungumza Kirundi, twasema ikinga, na Wakongomani wengi husema kinga. Wanyarwanda huita igare, na Waganda gaali, maneno ambayo kwa sauti yake ni ndugu wa gari letu la Kiswahili, lililotoka Bara Hindi. Kwa hiyo chombo kimoja kimeingia katika nchi jirani kwa milango mbalimbali, na kila mlango umekiachia jina lake.

Umbo la baiskeli tunayoijua lilikamilika upesi mno. Mwaka 1880 Hans Renold, fundi wa Manchester, alitengeneza mnyororo wa vigurudumu vidogo ambao kwa asili yake ndio unaotumika hata sasa. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa, na nguvu ya miguu ikapelekwa nyuma kwa mnyororo. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, akapata hati ya tairi la kujazwa upepo. Kabla ya hapo watu walipanda juu ya gurudumu kubwa la mbele, mradi wapande tu. Mmoja wao, Thomas Stevens, aliondoka San Francisco Aprili 1884 akafika Yokohama Desemba 1886, na pale alipokuta bahari alipanda meli. Mizigo yake ilikuwa soksi, shati la akiba, bastola, na koti la mvua ambalo usiku liligeuka kuwa hema.

Lakini umbo hili jipya lilibaki na upungufu mmoja, na upungufu huo ni wa hesabu. Chukua gurudumu la meno la mbele lenye meno 44 na la nyuma lenye meno 22. Kila pedali inapozunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara mbili. Gurudumu la inchi 28 lina mzingo wa mita 2.2 hivi, basi kila mzunguko wa pedali humsogeza mpandaji mita 4.4. Penye tambarare ni sawa kabisa. Mlimani kila mzunguko unataka nguvu asiyokuwa nayo, naye hushuka akasukuma. Mpe meno 28 mbele na 28 nyuma, kila mzunguko utamsogeza mita 2.2 tu, lakini kwa nusu ya nguvu. Atakwenda polepole, lakini atakwenda akiwa amekaa. Giya ni hilo tu: haimwongezei mtu nguvu hata chembe, bali humwachia achague namna ya kuitumia ile aliyo nayo.

Aliyelielewa jambo hili mapema kuliko wengi, na akalitangaza bila kuchoka, alikuwa Mfaransa Paul de Vivie. Alizaliwa mwaka 1853, akawa mfanyabiashara wa hariri katika mji wa Saint-Étienne. Mwaka 1887 aliacha hariri, akafungua duka la baiskeli na kuanzisha jarida dogo ambalo baadaye liliitwa Le Cycliste. Humo alijiita Vélocio, na kwa jina hilo ndilo anakumbukwa. Mji wake umezungukwa na milima, na njia yake ya mazoezi ilipanda hadi kilele cha Grand Bois, mita 1161 kutoka usawa wa bahari. Vélocio alijaribu kila namna ya kubadilisha giya iliyopatikana wakati ule: minyororo miwili, magurudumu ya meno mawili mbele, na hatimaye vifaa vya kuusukuma mnyororo kutoka jino la gurudumu moja hadi la jingine. Wafaransa walikiita kifaa hicho kwa neno la garimoshi linaloacha reli. Twalipenda jina hili, kwani linaonyesha jinsi watu walivyokiogopa: mnyororo kuacha njia yake ulikuwa msiba, na mtu huyu alitaka uiache kwa makusudi.

Upinzani haukutoka kwa wajinga. Ulitoka kwa Henri Desgrange, mtu aliyeijua baiskeli barabara, ambaye mwaka 1893 aliweka rekodi ya mwendo wa saa moja kwa kilomita 35.325, na ambaye mwaka 1903 alianzisha mashindano ya kuizunguka Ufaransa, Tour de France. Mwaka 1902 aliandika kwamba giya za kubadilisha ni za watu waliopita umri wa miaka 45, na kwamba kushinda kwa misuli ni bora kuliko kushinda kwa ujanja wa mtambo. Sisi tulio katika miaka ya arobaini na ushei twaisoma kauli hiyo kwa tabasamu. Mwaka huohuo chama cha utalii cha Ufaransa kilifanya majaribio ya baiskeli kwenye mlima Tourmalet, wenye kimo cha mita 2115, na miongoni mwa waliopanda kwa giya alikuwamo mwanamke, Marthe Hesse. Wenye macho waliona. Desgrange hakubadili nia.

Matokeo yake yalikuwa kichekesho chenye maumivu. Kwa zaidi ya miaka 30 washindani wa Tour walipanda Alps na Pyrénées bila kifaa hicho. Gurudumu lao la nyuma lilikuwa na meno pande zote mbili: upande mmoja wa tambarare, upande mwingine wa mlima. Walipofika chini ya mlima walishuka, wakafungua nati, wakaligeuza gurudumu, wakafunga tena. Husimuliwa kwamba mwaka 1927 Mwitaliano Tullio Campagnolo alishindwa kufungua nati hizo kwa sababu vidole vyake viliganda kwa baridi. Kama kisa hicho kimepambwa au la, yeye ndiye aliyepewa hati ya kifungio cha gurudumu cha kukunjua kwa mkono bila spana, na mwaka 1933 akaanzisha kiwanda mjini Vicenza.

Wakati wakubwa wa mashindano wakikataa, kazi ilifanywa na wasafiri wa kawaida na mafundi wadogo. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye kiini cha historia yenyewe. Jarida la Vélocio lilichapisha barua za watu wasiokuwa mabingwa: huyu alipanda mlima fulani kwa meno kadha, yule mnyororo ulimkatikia akaufunga hivi. Kila barua ilikuwa jaribio, na msomaji wa mji mwingine alianzia pale mwenzake alipokomea. Mwaka 1928 Lucien Juy wa Dijon alianza kuuza giya za Simplex. Kuanzia mwaka 1934 wapenzi wa safari walifanya mashindano ya baiskeli zenyewe badala ya wapandaji: baiskeli ilipimwa uzito, ikapitishwa kwenye barabara mbaya za milimani, na kila kilicholegea au kuvunjika kiliipunguzia alama. Mafundi wakatoa baiskeli zenye taa, madigadi na keria, zilizo tayari kwa safari, na uzito wake ukashuka chini ya kilo 10. Mwaka 1936 sheria iliwapa wafanyakazi wa Ufaransa majuma mawili ya likizo yenye mshahara, na barabara zikajaa vijana na wachumba juu ya baiskeli. Mwaka 1937, Desgrange akiwa amekwisha kung'atuka, Tour nayo ikaruhusu giya. Vélocio hakuiona siku hiyo, maana aligongwa na tramu mjini Saint-Étienne akafa mwaka 1930.

Vipuri vya zama zile, na vya miaka 30 iliyofuata, bado vinatafutwa na wasafiri wengi, wala si kwa kupenda ukale tu. Breki za Mafac, mikono ya pedali ya Stronglight, viti vya ngozi vya Brooks: karibu vyote hufunguliwa kwa spana ya kawaida, husafishwa, hutiwa grisi na kurudishwa. Kifaa kinachoweza kufunguliwa kando ya barabara kina thamani kubwa kwa aliye mbali na mji. Hata hivyo si kila cha kale ni chema. Simplex walipoanza katika miaka ya 1960 kutengeneza giya za plastiki, walitoa kitu chepesi ambacho kwa uzee hupasuka, na anayekiweka kwenye baiskeli ya safari ndefu leo anajitafutia matembezi ya miguu.

Vélocio aliacha pia mashauri ya safari, nayo yamezeeka vizuri kuliko chuma. Alishauri msafiri ale kabla ya njaa na anywe kabla ya kiu, kwa kuwa mwili ukisha kudai, umekwisha kuchelewa. Mapumziko yawe machache na mafupi. Nguo iongezwe kabla ya baridi kuingia, na ipunguzwe kabla ya jasho. Saa za kwanza zisitumike kwa pupa. Wala mtu asikanyage pedali kwa majivuno. Mwalimu yeyote aliyewahi kuona wanafunzi wakishindana asubuhi na kulala chini ya miti adhuhuri anajua uzito wa mashauri hayo. Sisi twaongeza mawili ya kwetu: mizigo mizito ikae chini, karibu na ekseli, isirundikwe juu ya keria, na msafiri ajifunze kuziba pancha nyumbani, kwenye mwanga, kabla hajalazimika kuziba gizani mvua ikinyesha.

Bara letu nalo limeshuhudia msafiri wa aina yake. Mpoland Kazimierz Nowak, aliyekosa kazi na mwenye mke na watoto wawili, aliondoka Tripoli mwishoni mwa 1931 kwa baiskeli kuukuu. Alipita Misri, Sudan, Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi, akafika ncha ya kusini mwaka 1934, kisha akarudi kaskazini. Chakula cha nyumbani kilitoka katika picha na makala alizotuma magazetini. Baiskeli ilipomshinda alitumia farasi, mtumbwi na ngamia. Alifika Algiers Novemba 1936 baada ya kilomita 40,000 hivi, akafa mwaka uliofuata kwa nimonia.

Je, kwa nini giya haikushika mizizi kwetu? Baiskeli iliyoletwa na kuenea ilikuwa ile nzito, yenye magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma na meno ya aina moja nyuma, ya Raleigh kutoka Nottingham, na baadaye ya Phoenix kutoka China na Hero kutoka India. Hatuidharau hata kidogo. Ndiyo iliyoanzisha boda boda huko Busia katika miaka ya 1960, ikivusha abiria kati ya vituo viwili vya mpaka wa Kenya na Uganda, ikaipa lugha yetu neno ambalo pikipiki imelirithi. Kila soko lina fundi wake na vipuri vyake. Giya ya kurusha mnyororo inataka mnyororo mwembamba, nyaya zilizo sawa na usafi. Vumbi na gunia la kilo 100 ni maadui zake. Mchukuzi anayenunua kwa fedha ya ndizi hawezi kujaribu kifaa ambacho kikivunjika hakuna wa kukitengeneza.

Hata hivyo hesabu ya meno haijali bei. Kutoka Saint-Étienne hadi Grand Bois msafiri hupanda mita 600 na kitu. Kutoka ufuoni mwa Tanganyika, ulio kwenye mita 770 hivi, hadi Bugarama, inayozidi mita 2000, kupanda kwake ni karibu maradufu. Mlima uliomfanya Vélocio atafute giya ni mdogo kuliko mlima wa mchukuzi wetu, naye hana mzigo wa Vélocio bali wa ndizi. Lori alilolishika ndilo giya yake ya pekee, na wengi wamelipa kwa roho.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Washindani walipanda vilima vya Wanyarwanda kwa baiskeli zenye giya 20 na zaidi, zinazobadilishwa kwa kugusa kitufe. Watoto wetu waliziona na sasa wanauliza majina ya sehemu zake. Tunayo mnyororo, tairi, spoku, friwili, gololi, usukani na pampu. Kifaa kinachousukuma mnyororo kutoka meno haya hadi yale hakina jina tunalokubaliana. Mafundi wengine husema giya kwa mtambo wote, na mwanafunzi hatofautishi kifaa na kazi yake. Wanachama walio karibu na mafundi, hasa wa Kivu, Katanga, Kigali na Kampala, twawaomba wakae nao gereji alasiri moja, waandike wanavyosikia bila kusahihisha, na watuletee maneno hayo pamoja na mahali yalikosikika.